Uanze na nani kusoma sarafu za Wagiriki wa Baktria: Tarn, Narain, Bopearachchi au Holt?

Wafalme zaidi ya 40 wenye majina ya Kigiriki walitawala, kwa nyakati na vipande tofauti, nchi ambazo leo ni Afghanistan, Pakistan, kusini mwa Uzbekistan na Tajikistan, na kaskazini-magharibi mwa India. Walianza Baktria, nchi ya kaskazini mwa milima ya Hindu Kush, kwa kujitenga na milki ya Waseleuko, warithi wa Alexander huko Asia, katikati ya karne ya 3 KK, na wa mwisho wao wakatoweka karibu na mwanzo wa karne ya 1 BK. Waandishi wa kale, ukiwaweka wote pamoja, wanawataja wachache sana. Polybius anasimulia jinsi Antiochus wa Tatu, mfalme wa Waseleuko, alivyomzingira Euthydemus mjini Baktra mpaka mwaka 206 KK wakapatana. Justinus ana mistari michache kuhusu Eucratides, aliyeuawa na mwanawe wa kumzaa. Maandiko ya Kibuddha yanamkumbuka Menander kwa jina la Milinda, mfalme aliyembana mtawa Nagasena kwa maswali. Waliobaki karibu wote tunawajua kwa sarafu zao, basi.

Kwa hiyo anayetaka kuwajua wafalme hawa hachukui kitabu cha historia tu. Anachukua pia namna fulani ya kuisoma sarafu, na namna hizo hazifanani. Kila atakapogeuka atakutana na majina manne. W. W. Tarn alichapisha The Greeks in Bactria and India mwaka 1938. A. K. Narain akamjibu mwaka 1957 kwa The Indo-Greeks. Osmund Bopearachchi, mzaliwa wa Sri Lanka aliyefanya kazi yake Paris, alitoa mwaka 1991 katalogi ya sarafu hizi zilizomo katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Frank Holt wa Chuo Kikuu cha Houston ndiye mwandishi wa Lost World of the Golden King, kilichotoka mwaka 2012.

Msimamo wangu nautoa mapema. Muda wako ukiwa mfupi, anza na Holt. Ukitaka kuandika chochote cha kitaaluma, Bopearachchi humkwepi. Narain na Tarn wasome sambamba, na Tarn peke yake usimsome kabisa.

Shaba moja, Demetrius watatu

Njia nzuri ya kuwapima watatu wa kwanza kati yao ni kuwapa sarafu moja uone kila mmoja anaifanyia nini. Chukua shaba ya pembe nne. Upande mmoja pana kichwa cha mfalme aliyevaa ngozi ya kichwa cha tembo, mkonga umeinuka juu ya paji la uso wake, na maandishi ya Kigiriki yanasema kwamba ni ya mfalme Demetrius Asiyeshindwa. Igeuze. Kuna radi yenye mabawa, silaha ya Zeus, na maneno yaleyale kwa hati ya Kharoshthi inayosomwa kutoka kulia kwenda kushoto kama Kiarabu: Maharajasa aparajitasa Demetriyasa. Tarehe haina, wala jina la mji.

Tarn alisema huyu ni Demetrius wa Kwanza, mwana wa Euthydemus, ambaye sarafu zake za fedha nazo zinamwonyesha na kichwa cha tembo. Hoja hiyo si ya kubeza. Mfalme Agathocles, aliyekuja baadaye kidogo, alipiga chapa sarafu za kuwakumbuka waliomtangulia: Alexander, Antiochus, Diodotus, Euthydemus, na Demetrius pia, ambaye hapo anaitwa "Asiyeshindwa". Cheo kinafanana, vazi la kichwa linafanana, basi mtu ni yuleyule. Lakini Tarn haishii hapo. Ikiwa Demetrius wa Kwanza alizungumza na watu wa India kwa hati yao, basi alitawala sehemu kubwa ya India. Na ikiwa aliitawala, basi yeye na majemadari wake Apollodotus na Menander ndio waliofika Pataliputra, mji mkuu wa Wamaurya kwenye mto Ganges, wakitaka kuifufua milki ya Wamaurya chini ya mkono wa Wagiriki. Kurasa hizo zinasomeka kama utenzi. Ukisimama kidogo ukauliza zimejengwa juu ya nini, unajikuta umerudi kwenye ile shaba.

Narain aliichukua shaba hiyohiyo akasema ni ya Demetrius mwingine, wa Pili. Sarafu zilizo na uhakika wa kuwa za Demetrius wa Kwanza zina Kigiriki kitupu na zinafuata uzito wa Kiathene. Hakuna sababu ya kumpa na hizi za hati mbili. Ukikubali hilo, ushindi wa India aliopewa Demetrius wa Kwanza unayeyuka wenyewe.

Bopearachchi akaenda mbali zaidi. Alipoilinganisha na sarafu za wafalme wengine kwa mtindo wa uchongaji na kwa alama zake, akaiweka karibu na mwaka 100 KK, kusini mwa milima ya Hindu Kush, wakati Baktria yenyewe imeshatoka mikononi mwa Wagiriki. Huyo sasa ni Demetrius wa Tatu. Kutoka kwa wa Kwanza mpaka wa Tatu ni karibu karne nzima.

Naanza na mfano huu kwa sababu unaonyesha kinachonisumbua katika uchaguzi wa vitabu hivi. Msomaji mgeni huvutwa na mwandishi mwenye hadithi tamu zaidi. Kwenye somo hili mfuate kwanza yule anayekuwekea sarafu mkononi kabla ya kukupa hadithi, ili atakapokosea uweze kumwona.

Tarn na Narain, kurasa zikiwa wazi pamoja

Tarn alikuwa wakili aliyeacha uwakili kwa sababu ya afya, akaishi Uskoti na kuandika historia kwa mapenzi. Hakuna aliyefanya zaidi yake kuitoa Baktria pembezoni. Kabla yake wafalme hawa walikuwa orodha katika katalogi za wakusanyaji. Yeye akasisitiza kwamba hii ni dola ya tano ya ulimwengu wa Kigiriki baada ya Alexander, sawa na zile za Misri, Siria, Makedonia na Pergamo, akatafuta ushahidi kila mahali: kwa Wachina, kwa Wahindi, kwa Waajemi. Hilo ni deni tunalodaiwa naye mpaka leo.

Udhaifu wake ni kwamba akili yake ilikuwa na kasi kuliko ushahidi. Mfano mwingine ni sarafu ya Eucratides yenye watu wawili upande wa nyuma: mwanamume Heliocles, kichwa kitupu, na mwanamke Laodice, aliyevaa taji la utepe la kifalme. Majina yao yako katika hali ya umilikaji, yaani "wa Heliocles na Laodice", ilhali jina la Eucratides upande wa mbele ni kiima. Wengi husoma kwamba Eucratides anajitangaza mwana wa wawili hao, ingawa wapo waliowahi kuiona kuwa sarafu ya harusi ya mwanawe. Kwamba mama anavaa taji na baba havai ni jambo la kufikirisha kweli. Tarn alilishika: Laodice ni jina la kawaida katika ukoo wa Waseleuko, basi huyu ni binti wa ukoo huo, basi Eucratides ni binamu wa Antiochus wa Nne, mfalme wa Siria, basi alitumwa naye kuirudisha Mashariki. Tazama ngazi hiyo. Daraja ya kwanza ni imara, ya pili inawezekana, ya tatu ni dhana, ya nne haina chochote chini yake. Na Tarn huandika daraja zote nne kwa sauti ileile ya uhakika. Mwanafunzi asiyejua atazinukuu zote.

Narain, aliyetoka Banaras na kusomea udaktari wake London, aliandika kitabu kifupi, kikavu, chenye hasira ya chinichini inayoeleweka. India ilikuwa imepata uhuru miaka 10 kabla, na hapa kulikuwa na kitabu kikubwa cha Kiingereza kinachowaeleza Wagiriki wa India kana kwamba India ilikuwa uwanja tu wa kuchezea. Hukumu yake imenukuliwa kuliko kitu kingine chochote alichoandika: historia ya watu hawa ni sehemu ya historia ya India, walikuja, wakaona, lakini India ndiyo iliyowashinda.

Sarafu zinamuunga mkono kwa kiasi kikubwa ukivuka Hindu Kush kwenda kusini. Ona drakma ya fedha ya Apollodotus wa Kwanza. Ni ya pembe nne, umbo ambalo fundi wa Athens angeliona geni kabisa. Upande mmoja tembo, na Kigiriki. Upande wa pili ng'ombe dume mwenye nundu, na Kharoshthi. Sura ya mfalme haipo. Uzito nao umebadilika: kaskazini tetradrakma, yaani sarafu ya drakma nne, hukaribia gramu 17 kwa kipimo cha Athens, lakini kusini tetradrakma ni gramu 9.8 hivi na drakma ni robo yake. Mfalme anayebadilisha umbo, picha, hati na uzito ameamua kuishi katika soko la watu aliowakuta. Tarn aliyaona haya yote, lakini Narain ndiye aliyeyapa uzito wake.

Hata hivyo Narain naye ana kesi ya kuishinda, na si mwamuzi asiye na upande. Alishikilia pia kwamba Wagiriki wengi wa Baktria walikuwapo tangu enzi za Waajemi, kabla Alexander hajafika mwaka 329 KK, na kwa njia hiyo akaupunguza mchango wa dola za baada ya Alexander kupita kiasi. Kisha ardhi ikazungumza baada ya kitabu chake kutoka. Mwaka 1961 mfalme Zahir Shah akiwa mawindoni alionyeshwa mawe yaliyochongwa kaskazini mwa Afghanistan, na kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi 1978 Wafaransa chini ya Paul Bernard wakachimba Ai Khanoum: mji wenye ukumbi wa maonyesho, uwanja wa mazoezi ya viungo, na jiwe linaloeleza kwamba Klearchos alinakili hekima za Delphi, patakatifu pa Ugiriki, na kuzisimamisha huko. Hapa Tarn, aliyeandika wakati uchimbaji wa Balkh, ndiyo Baktra ya kale, wa miaka ya 1920 ulikuwa haujatoa mji wowote wa Kigiriki, alikuwa na hisia sahihi kuliko ushahidi aliokuwa nao. Nampa haki yake hapo bila kinyongo.

Kwa hiyo ukiamua kusoma mjadala huu, soma sura ya Tarn juu ya Demetrius kisha sura ya Narain inayoijibu, siku hiyohiyo ikiwezekana. Utajifunza zaidi kutokana na mahali wanapogongana kuliko kutoka kwa mmoja wao. Tarn alirekebisha kitabu chake mwaka 1951, na miaka ya 1980 kikatolewa tena kikiwa na dibaji na orodha mpya ya marejeo ya Holt. Hiyo ndiyo ya kutafuta.

Shida ya tarehe

Msomaji wa pwani yetu anaijua shida hii hata kama hajawahi kusikia habari za Baktria. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zina majina na maneno yenye vina, lakini tarehe hazina. John Walker wa Makumbusho ya Uingereza alizichambua mwaka 1936, na baadaye wataalamu wakapishana sana juu ya Ali bin al-Hasan: wapo waliomweka karne ya 10, naye Neville Chittick akamsogeza mpaka karibu mwaka 1200. Kilichosaidia kuamua ni hazina iliyofukiwa. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi, na dinari hizo zina tarehe. Ali akakaa karne ya 11.

Baktria nako hazina ndizo zinazovunja mabishano, na Tarn alipoandika alikuwa nazo chache mno. Hazina ya Kunduz ilipatikana mwaka 1946: sarafu za fedha zaidi ya 600, zikachapishwa na Raoul Curiel na Gérard Fussman mwaka 1965. Ndani yake zilikuwamo sarafu tano za mfalme Amyntas, kila moja ikiwa na uzito wa gramu 85 hivi, kubwa kuliko fedha nyingine yoyote iliyopigwa chapa na Wagiriki. Amyntas alitawala kusini. Fedha zake zikakutwa kaskazini, kwa kipimo cha Athens na kwa Kigiriki kitupu, wakati huko kaskazini Wagiriki hawatawali tena. Hakuna mwandishi wa kale aliyetuambia kitu cha namna hiyo.

Bopearachchi: kitabu cha mezani

Hiki hakisomwi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kimeandikwa kwa Kifaransa, ni kizito, na sehemu yake kubwa ni maelezo ya sarafu moja moja: mfalme, mfululizo, uzito, alama, picha. Utangulizi wake ndio wenye historia, mfalme mmoja baada ya mwingine, kwa tahadhari ambayo baada ya Tarn inamtuliza mtu. Ukifungua ukurasa wa Eucratides, ile sarafu ya Heliocles na Laodice imekaa mahali pake kati ya mifululizo yake mingine, ikiwa na alama zake. Binamu wa mfalme wa Siria hayumo.

Nguvu yake ni namna anavyopanga mfuatano. Kwanza anatumia sarafu zilizopigwa chapa upya juu ya sarafu za mtu mwingine. Heliocles wa Pili, kwa mfano, alichukua sarafu za malkia Agathocleia na mwanawe Strato akazipiga chapa yake. Fundi hakuzifuta vizuri. Chini ya sura mpya bado unaona mabaki ya herufi za zamani. Aliye chini alitangulia, hilo halina ubishi. Haisemi ni kwa mwaka mmoja au kwa miaka 20, na Bopearachchi anajua hivyo. Pili, anafuatilia monogramu, zile herufi za Kigiriki zilizosukwa pamoja kuwa alama moja. Monogramu ikitumiwa na mfalme huyu, kisha huyu, kisha yule, una mnyororo. Tatu, anauliza ni nani yumo na nani hayumo katika kila hazina. Ukichanganya hayo matatu unapata kiunzi ambacho watafiti wengi wamekitumia tangu wakati huo. Hata katalogi ya bure ya mtandaoni ya Jumuiya ya Sarafu ya Marekani kwa wafalme hawa imejengwa juu ya mpangilio wake.

Mipaka yake ni mitatu. Kuhusu monogramu, haijakubalika kama ni alama ya mji ilikopigwa chapa sarafu au ni ya afisa aliyesimamia kazi. Ramani yoyote ya nani alitawala wapi inayoegemea alama hizo peke yake ipokee kwa uangalifu. Pia mwaka 2005 Richard Salomon alichapisha maandishi ya chombo cha masalia kutoka eneo la Gandhara yanayotaja mwaka mmoja kwa hesabu zaidi ya moja, zikiwamo 201 wa Wayavana, yaani Wagiriki, na 73 wa mfalme Azes. Ikiwa enzi ya Azes, yaani hesabu yake ya miaka, inaanza mwaka 58/57 KK, enzi ya Wagiriki inaanza 186/185 KK. Wanaoisogeza ya Azes mbele wanapata 175/174 KK. Tarehe zilizomo katika katalogi ya 1991 zimetangulia ugunduzi huo, basi usizinakili bila kuangalia maandishi ya baadaye, yake na ya wengine.

Mpaka wa tatu ni wa mazingira, na unaniuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanakijiji wa Mir Zakah, Afghanistan, walifukua kisimani hazina ambayo Bopearachchi aliiona ikiuzwa kwa magunia katika soko la Peshawar. Makadirio ni ya tani kadhaa. Hakuna mwanaakiolojia aliyekuwapo wakati wa kufukua. Kiasi kikubwa kilitawanyika duniani bila rekodi. Kutoka huko, inasemekana, ndiko ilikotoka medali ya dhahabu yenye sura ya Alexander aliyevaa kichwa cha tembo, ambayo Bopearachchi aliitangaza kuwa halisi na mwaka 2011 akaandika juu yake kitabu pamoja na Holt. Wataalamu wengi hawakushawishika na mpaka leo wanaishuku. Ingekuwa imechimbwa kwa utaratibu, ubishi huo usingekuwapo. Wawili hawa nawapendekeza kwa moyo wote, lakini kwa medali hiyo nakushauri usome na wapinzani wao.

Holt: pa kuanzia

Mfalme wa dhahabu anayetajwa katika jina la kitabu ni Eucratides, kwa ajili ya sarafu yake ya stateri 20 yenye gramu 169, kubwa kuliko sarafu nyingine yoyote ya dhahabu iliyobaki kutoka ulimwengu wa kale. Ilifika Paris ikanunuliwa kwa ajili ya Napoleon wa Tatu mwaka 1867, na bado iko huko. Holt anaieleza kwa furaha, kisha anafanya kitu ambacho watatu wenzake hawakukifanya kwa upana huo: anasimulia historia ya usomaji wenyewe. Anaanza na Bayer, aliyeandika historia ya Baktria huko St Petersburg mwaka 1738 akiwa na sarafu za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Anampitia Charles Masson, mtoro wa jeshi aliyekusanya sarafu kwa makumi ya maelfu huko Begram, Afghanistan, miaka ya 1830, na James Prinsep, aliyetumia sarafu za hati mbili kuifungua Kharoshthi: jina la mfalme kwa Kigiriki upande huu, jina lilelile kwa hati isiyojulikana upande ule. Kila kizazi kilikuwa na swali lake, na Holt anakuonyesha jinsi swali lilivyoamua jibu. Baada ya hapo utamsoma Tarn ukijua unasoma kizazi gani.

Jambo la pili analolifanya vizuri ni kuondoa macho kwa mfalme na kumtafuta fundi. Herufi iliyosahaulika, neno lililoandikwa vibaya, muhuri wa kupigia chapa uliopasuka lakini ukaendelea kutumika: kwake makosa hayo ni habari za watu waliofanya kazi, ujuzi wao na haraka yao. Anaunganisha sarafu na mitungi ya hazina ya kasri la Ai Khanoum, ambayo maafisa waliiandika kwa wino ni fedha gani imo na nani aliihesabu. Majina ni ya Kigiriki kama Zenon na ya Kibaktria kama Oxybazos, kwenye mtungi mmoja. Tarn na Narain walibishana dola hii ilikuwa ya nani. Mitungi hiyo inaonyesha ofisi ikiendeshwa na watu wa pande zote mbili.

Anachokosa Holt ni ukamilifu. Wafalme wa kusini baada ya Menander hawapati nafasi ya kutosha kwake, na huwezi kuitambua sarafu kwa kitabu chake. Ukipenda akutafunie kipindi kimoja kwa kina, chukua Thundering Zeus yake ya mwaka 1999 juu ya Diodotus wa Kwanza na wa Pili, waliojitenga kwanza na Waseleuko, ambamo anafuatilia mihuri mmoja mmoja jinsi Zeus wa kurusha radi alivyoingia kwenye sarafu wakati jina la Antiochus bado limo. Ni kitabu kigumu kidogo, lakini hakuna kingine kinachokuonyesha uasi ukikua polepole juu ya fedha namna ile.

Wengine, kwa ufupi

Juzuu tisa za Michael Mitchiner za 1975 na 1976 zina picha nyingi mno na bado hutajwa minadani. Kwa picha zitumie, kwa miji anayoitaja kuwa na viwanda vya sarafu usimtegemee. Edward Newell, aliyeiongoza Jumuiya ya Sarafu ya Marekani kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 1938 utafiti wake wa sarafu za Waseleuko wa mashariki, na ni huko utakapoona Baktra ilivyokuwa kabla ya kujitenga. Leo Houghton na Lorber wamechukua nafasi yake kwa Waseleuko wote. Simon Glenn, mwaka 2020, alihesabu na kulinganisha mihuri kuanzia Euthydemus wa Kwanza hadi Antimachus wa Kwanza, na kwa wafalme hao kazi yake ndiyo mpya na makini kuliko zote nizijuazo.

Basi uchukue kipi?

Msomaji wa kawaida mpenda historia achukue Lost World of the Golden King, na akimaliza aongeze Narain. Hizo mbili zinatosha miaka mingi.

Mwanafunzi wa shahada anayeandika tasnifu aanze na Holt kwa wiki chache, kisha ahamie kwa Bopearachchi na asitoke. Kama Kifaransa kinakusumbua usikate tamaa: lugha ya katalogi inajirudia, maneno yanayohitajika si mengi, na Bopearachchi mwaka 1998 alitoa kwa Kiingereza katalogi ya mkusanyo wa New York yenye mpangilio unaofanana. Mfalme wako akiwa kati ya Euthydemus na Antimachus, Glenn ni lazima. Tarn mweke kwenye sura ya mapitio ya maandiko, umjadili kama mwanahistoria mkubwa wa wakati wake, na kila unapotaka kumnukuu kama ushahidi tafuta kwanza sarafu anayoisimamia.

Mwalimu anayeandaa kipindi kimoja atafaidika zaidi na ile sarafu ya Demetrius kuliko na kitabu kizima: wape wanafunzi picha ya pande mbili, wape hoja za Tarn, Narain na Bopearachchi, waache wabishane.

Na aliyeshika sarafu mkononi akitaka kujua ni ya nani aende moja kwa moja kwenye katalogi ya mtandaoni, alinganishe picha, maandishi na monogramu, apime uzito. Kama bado hajainunua, amuulize muuzaji karatasi zinazoonyesha ilikotoka na ilitoka lini Afghanistan au Pakistan. Karatasi zisipokuwapo, aiache.